Samaki 11 wa Barombi Mbo

Kuanzia Senegal hadi Volta, na kutoka Niger na Benue hadi vijito vinavyoshuka kwenye milima ya Kameruni, mito ya Afrika Magharibi imejaa samaki wa jamii ya sato. Wataalamu huwaita sikilidi. Mlaji wa Mwanza au Kisumu anamfahamu mmoja wao vizuri, kwani sato mwenyewe, kabla ya kupandikizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, alikuwa samaki wa Nile na wa mito hiyohiyo ya magharibi. Ana jamaa yake wa karibu aitwaye Sarotherodon galilaeus, mwenye mwili mpana wa rangi ya fedha, ambaye naye ameenea katika mito mingi ya ukanda huo. Wanatofautiana katika malezi. Kwa sato, mama peke yake ndiye hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Kwa Sarotherodon galilaeus, baba na mama hugawana mayai, kila mmoja akabeba fungu lake.

Siku moja ya zamani sana, samaki wa namna hiyo walipanda kijito wakaingia ndani ya volkano.

Volkano hiyo ilikuwa imelipuka yapata miaka milioni 1 iliyopita, karibu na mahali ulipo leo mji wa Kumba, kusini-magharibi mwa Kameruni. Lilibaki shimo la duara lenye kuta za mwinuko mkali. Mvua za nchi ile ni nyingi, na shimo likajaa. Ziwa lililopatikana, Barombi Mbo, lina upana wa kilomita 2.5 hivi na kina cha mita 110, na eneo lake ni hekta 415 tu. Kijito kimoja kinaingia na kingine kinatoka, basi. Ndani yake mna aina 15 za samaki, na 12 kati ya hizo hazipatikani popote pengine duniani: kambare mmoja, na sikilidi 11.

Sikilidi hao 11 wamewaumiza vichwa wataalamu wa viumbe kwa zaidi ya miaka 100. Majina yanayotajwa sana katika habari zao ni ya watu wa Stockholm, Vienna, London na Munich. Hao walifanya kazi kubwa, nami nitawapa haki yao. Lakini ukiifuata historia yenyewe hatua kwa hatua unakuta kwamba waliowatenganisha samaki hawa kwanza, wakajua yupi anakaa wapi na anakula nini, walikuwa wavuvi wa Barombi. Sayansi ilipiga hatua yake kubwa ziwani hapo ilipokubali kuwasikiliza.

Barombi ni watu wachache. Kijiji chao kiko upande wa pili wa ziwa ukitokea Kumba, na njia ya kawaida ya kukifikia ni mtumbwi. Lugha yao ni ya Kibantu, na nchi yao iko karibu na mpaka wa Kameruni na Nigeria, eneo ambalo wanaisimu wengi wanaliona kuwa chimbuko la lugha zote za Kibantu, Kiswahili kikiwemo. Ziwa lenyewe limetunza kumbukumbu ya nyakati hizo. Kila mwaka, udongo, chavua na majani makavu hushuka na kutulia chini, tabaka juu ya tabaka, na kwa kuwa kule chini hakuna oksijeni, hakuna mdudu wa kuyavuruga. Mtafiti Mfaransa Jean Maley na wenzake walichimba mashapo hayo wakasoma historia ya msitu kwa zaidi ya miaka 20,000. Mwaka 2018, kundi lililoongozwa na Yannick Garcin lilichunguza nta ya majani ya kale iliyobaki ndani ya matope hayo. Walikuta kwamba msitu ulianza kufunguka ghafla miaka 2,600 iliyopita, kisha ukarudi baada ya karne 6 hivi. Dalili za mvua katika matope hayohayo hazikuonyesha ukame wa kuueleza mporomoko huo, na kwa hiyo wakahitimisha kwamba waliofyeka walikuwa watu: wakulima na wafua chuma waliokuwa wakienea katika nchi ile. Maley alikuwa ameshikilia kwamba sababu ilikuwa hali ya hewa, na mjadala haujafungwa. Ila kwa vyovyote, watu wamekuwa wakiishi katika mazingira ya ziwa hili kwa muda mrefu kuliko ufalme wowote wa Ulaya uliowahi kulichora kwenye ramani.

Wazungu walifika katika miaka ya mwanzo ya 1880. Miongoni mwa wa kwanza alikuwa msafiri Mpolandi Stefan Szolc-Rogoziński. Mwaka 1884 Ujerumani ilijitangazia koloni la Kamerun, na mwaka 1888 Eugen Zintgraff akajenga kituo kando ya ziwa, ambalo Wajerumani waliliita Ziwa la Tembo. Hapo palikuwa mahali pa kupumulia kabla ya kuingia bara. Zintgraff alitoka hapo mwaka uliofuata akapanda hadi nyanda za majani za Bali, akakutana na mfalme Galega. Mtaalamu wa mimea Paul Preuss naye aliishi kituoni, akakusanya mimea mingi ya msitu ule. Samaki waliachwa nyuma. Askari na wafanyabiashara walikuwa wakitafuta pembe, mpira, njia na vibarua, na samaki wa kimo cha kiganja hakuwa na bei Hamburg.

Aliyeanza kuwaandika ni Mswidi, Einar Lönnberg. Waswidi walikuwa na watu wao katika nchi ya Mlima Kameruni tangu kabla ya Wajerumani, na vielelezo vilikuwa vikipelekwa kwao. Mwaka 1903 Lönnberg alitoa maelezo ya sikilidi wa kwanza wa Barombi Mbo, akamwita linnellii kwa heshima ya Linnell, mtu aliyemletea samaki hao. (Lönnberg huyuhuyu alikuja baadaye Afrika Mashariki ya Kiingereza kukusanya wanyama wa nchi ya Kenya.) Ikapita zaidi ya robo karne. Mwaka 1930 Maximilian Holly wa Vienna alichapisha muhtasari wa samaki wa maji baridi wa Kameruni na kuongeza watatu: caroli, lohbergeri na mariae. Hesabu ikawa 4. Wote walikuwa na majina ya Wazungu, na katika maelezo yao hamna mengi kuhusu maisha ya samaki mwenyewe. Kilichofika mezani kilikuwa maiti katika chupa ya pombe, rangi imeshatoka.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sehemu hiyo ya Kameruni ilitawaliwa na Waingereza pamoja na Nigeria. Ofisa wa uvuvi wa Nigeria, P. I. R. Maclaren, alikusanya samaki ziwani na vielelezo vikaenda London. Baadaye mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, Martin Eisentraut, aliyefunga safari kadhaa kwenda Kameruni, naye akapata wake. Mizigo yote miwili iliishia mikononi mwa mtu mmoja, Ethelwynn Trewavas.

Huyu anastahili kuelezwa kwa nafasi. Alizaliwa mwaka 1900 Penzance, katika jimbo la Cornwall, akaingia Jumba la Makumbusho la Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuwa mjuzi mkubwa wa sikilidi wa Afrika. Afrika Mashariki ina deni la shukrani kwake. Alishiriki uchunguzi wa uvuvi wa Ziwa Nyasa mwaka 1939, na ripoti waliyoiandika yeye, Kate Bertram na H. J. H. Borley ilitoka mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Ni yeye pia aliyewapanga perege na sato katika makundi tunayoyatumia leo kwa kuangalia jambo ambalo wengi walilipuuza: nani hulea. Wale ambao mama peke yake hubeba mayai aliwaweka Oreochromis. Wale ambao baba hushiriki, au hubeba yeye, wakabaki Sarotherodon. Kitabu chake kikubwa juu ya makundi hayo kilitoka mwaka 1983, akiwa amevuka miaka 80.

Alistaafu mwaka 1961, na kazi yake ya Barombi Mbo aliichapisha karibu yote baada ya hapo. Kumfanyia kazi sikilidi mezani kunahitaji jicho na subira. Samaki hawa wana taya mbili: lile la mdomoni tunaloliona, na la pili lililofichika kooni, kipande cha mfupa cha umbo la pembetatu kilichojaa meno, ambacho husaga kile ambacho la kwanza limekamata. Ukilitoa hilo la kooni ukaliweka chini ya lenzi, unaweza kubashiri chakula cha samaki ambaye hujawahi kumwona akiwa hai. Meno membamba kama nywele ni ya mla mimea midogo inayoelea. Meno manene, yaliyochoka, ni ya mvunja vitu vigumu. Mwaka 1962 Trewavas alichapisha makala juu ya samaki wa maziwa ya kreta ya Kameruni, na sikilidi wa Barombi Mbo wakafika 7. Aliowaongeza aliwapa majina ya steinbachi, eisentrauti na maclareni.

Lakini mezani kuna kikomo. Trewavas alikuwa na samaki ambao hakujua kama ni aina mbili au ni dume na jike wa aina moja, ni wakubwa na wadogo, ni wa kina na wa pwani. Majibu hayakuwamo katika chupa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, John Green na Sarah Corbet kutoka London walikwenda ziwani wenyewe. Walipima joto la maji na oksijeni kutoka juu kwenda chini, wakapasua matumbo ya samaki kuona walichokula, na wakakaa na wavuvi. Kila samaki aliyetoka wavuni alikuwa na jina lake kwa Kibarombi, na kila mara wataalamu walipochunguza walikuta kwamba jina lilisimamia aina ya kweli yenye mahali pake na chakula chake. Matokeo yalitolewa mwaka 1972 katika makala ndefu ya Trewavas, Green na Corbet. Wapya walikuwa 4, hesabu ikatimia 11, na safari hii hakuna aliyepewa jina la mkusanyaji wala la profesa. Waliitwa dikume, myaka, pindu na mongo, majina waliyokuwa nayo midomoni mwa wavuvi. Hata mmoja wa wale waliokwisha andikwa alihamishiwa katika jenasi mpya iliyoitwa Pungu, jina la Kibarombi tena.

Kwangu mimi, makala hiyo ya 1972 ndiyo kilele cha habari yote hii, kuliko hata ile ya 1994, tutakayoifikia, iliyoipa Barombi Mbo umaarufu. Kutenganisha dikume na ndugu yake eisentrauti kwa macho si kazi ndogo. Mtu wa kawaida angewaita samaki mmoja. Wavuvi waliwatenganisha kwa sababu walijua wavu gani, kwa kina gani, utamleta yupi.

Na huyo dikume ana kisa chake. Maji ya Barombi Mbo hayachanganyiki vizuri. Tabaka la juu lina hewa; ukishuka oksijeni hupungua, na kuanzia mahali fulani kwenda chini haimo kabisa. Mpakani mwa matabaka hayo kuna chakula kingi: viluwiluwi vya vijidudu vya Chaoborus, jamaa ya wale wadudu wanaopaa juu ya Ziwa Nyasa kama mawingu ya moshi. Vijidudu hivi vinastahimili kukosa hewa, na mchana hujificha chini ambako samaki hawafiki. Dikume huwafuata. Green, Corbet na mwenzao Betney walichukua damu ya samaki hao na mwaka 1973 wakatoa jibu: damu ya dikume ina himoglobini nyingi kuliko ya jamaa zake wa maji ya juu, hivyo hubeba akiba kubwa ya oksijeni anapoingia katika maji hafifu, akala, kisha akapanda tena. Eisentrauti, ndugu yake wa damu, hukaa kwenye maji mafupi ya pwani, na chakula chake ni vijidudu vya chini na mayai ya samaki wengine.

Pungu ameshika njia nyingine. Chakula chake kikuu ni sponji za maji baridi zinazoota juu ya mawe na magogo yaliyozama. Sponji ina miiba midogomidogo ya kioo ndani ya mwili wake, na samaki wengi huiacha. Pungu amejaliwa taya fupi na meno imara ya kung'olea. Myaka huelea katikati ya ziwa akichuja vijidudu vidogo. Kati ya wale wa Sarotherodon, linnellii hula vinavyoelea majini, steinbachi hupekua mchanga, na lohbergeri hukwangua ukoga wa mawe. Mariae, pindu mweusi na mongo, ambaye ni adimu sana, ni wawindaji wa viumbe wadogo. Hekta 415, na kila pembe ina mwenyewe.

Miaka ya 1980 maziwa ya kreta ya Kameruni yalijulikana duniani kwa msiba. Tarehe 15 Agosti 1984, Ziwa Monoun lilitoa hewa ya kaboni dayoksaidi iliyoua watu 37. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa hewa hiyohiyo kwa wingi wa kutisha, ikatambaa mabondeni usiku na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Maziwa mengine ya nchi hiyo yalipimwa. Ni Nyos na Monoun tu yaliyokutwa na mlundikano wa hewa wa kuhatarisha maisha. Barombi Mbo halikuwamo.

Wakati huohuo swali jingine lilikuwa likiiva. Aina mpya ya kiumbe hupatikanaje? Jibu lililotawala karne ya 20 lilikuwa la Ernst Mayr, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani. Alifundisha tangu kitabu chake cha mwaka 1942 kwamba kundi moja haligeuki kuwa mawili mpaka kitu kiligawe: mlima, bahari, jangwa. Wakitenganishwa kwa muda mrefu, wazao wa upande huu na wa upande ule hawatambuani tena. Wakiwa pamoja, kila kizazi wanaoana, na kila tofauti inayochipuka inafutwa. Wapo waliobisha wakisema chakula na uchaguzi wa mwenzi vinaweza kuwatenga viumbe hata wakiishi mahali pamoja, lakini ushahidi wao uliyumba. Mayr aliweza kujibu kila mara kwamba mahali hapo palikuwa na kizuizi zamani, au kwamba kila aina iliingia kivyake.

Ulrich Schliewen, kijana mtafiti wa Munich, aliona kwamba Barombi Mbo ni mahali pa kulijaribu jibu hilo. Umbo lake ni kama bakuli. Halina visiwa, halina ghuba wala mwamba wa kuligawa, na ni dogo mno kwa samaki kupoteana. Kilichobaki ni hoja ya pili, kwamba huenda aina 11 ziliingia kutoka mitoni kwa nyakati mbalimbali. Kwa hiyo alikusanya samaki wa ziwa pamoja na sikilidi wa mito ya jirani, na akishirikiana na Diethard Tautz na Svante Pääbo akasoma vinasaba vyao vya mitokondria, vile vinavyorithiwa kwa upande wa mama. Pääbo ni yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2022 kwa kazi yake juu ya vinasaba vya watu wa kale.

Hoja yao ilieleweka kirahisi. Kama kila aina iliingia peke yake, basi kila samaki wa ziwani angekuwa na ndugu wa karibu zaidi mtoni kuliko ziwani. Kama wote ni uzao wa mama mmoja aliyepanda kijito, wangekuwa karibu wao kwa wao kuliko na samaki yeyote wa nje. Makala yao ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1994: wote 11 walikuwa ukoo mmoja. Aliyechuja vijidudu, aliyeng'oa sponji, aliyeshuka kwenye maji yasiyo na hewa, wote walitoka kwa samaki wa mtoni wa jamii ya Sarotherodon galilaeus. Makala hiyo ilionyesha pia kwamba Ziwa Bermin, la kreta vilevile na dogo zaidi, lina sikilidi 9 wa ukoo wake mwingine mmoja. Tangu hapo vitabu vya vyuo vikuu vikaweka Barombi Mbo kuwa miongoni mwa mifano bora kabisa ya viumbe waliogawanyika bila kutenganishwa.

Mfano mzuri huvuta wakaguzi. Schliewen mwenyewe, mwaka 2004 pamoja na Barbara Klee, alionyesha kwamba baadhi ya aina hizo huenda zilipata vinasaba kwa kuchanganyika na nyingine ndani ya ziwa. Mwaka 2012 Christopher Martin wa Marekani aliwapima samaki wa kundi la mariae na pindu, akakuta wengi wako katikati, si huyu kamili wala yule kamili, kana kwamba mgawanyiko haujafika mwisho. Kisha mwaka 2015 yeye na wenzake walisoma sehemu kubwa zaidi ya vinasaba vya samaki wa ziwani na wa mtoni. Humo walikuta alama za wageni: baada ya babu wa kwanza kuingia, samaki wengine wa mtoni walipanda tena na kuzaana na wenyeji. Ikiwa hivyo, wabishi waliuliza, je, si wageni hao walioleta tofauti zilizowagawa?

Mwaka 2018 Emilie Richards, Jelmer Poelstra na Martin walilirudia swali hilo kwa kusoma jinomu nzima. Walipekua vipande vilivyoingia kutoka mtoni wakitazama kama ndivyo vinavyowatofautisha samaki wa ziwani. Walipata vichache tu vyenye dalili hiyo, na hata hivyo haikuonekana wazi kwamba ndivyo vilivyosababisha mgawanyiko. Wageni walikuja, hilo ni kweli, lakini bado inawezekana kwamba wenyeji wangeachana njia hata kama mlango wa kijito ungebaki umefungwa. Mtu aliyetaka jibu la ndiyo au hapana hakulipata. Mimi naona kazi hiyo imetufundisha zaidi kuliko jibu rahisi lingetufundisha, maana imeonyesha jinsi ziwa na mto vilivyoendelea kushirikiana kwa maelfu ya miaka.

Samaki wenyewe wamefikia hatua mbaya. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, IUCN, limewaorodhesha katika daraja la walio karibu kabisa na kutoweka, kwa sababu ambayo mtu yeyote anaielewa: nyumba yao ni moja. Balaa moja ziwani linatosha kuwamaliza wote. Mwaka 2006 ziwa liliingizwa katika orodha ya maeneo oevu ya Mkataba wa Ramsar, na msitu unaolizunguka ni hifadhi ya serikali. Karatasi hizo hazijazuia mashamba. Kumba ni kitovu cha biashara ya kakao, na mkulima mwenye watoto wa kusomesha hufungua shamba pale penye udongo wa volkano, hata kama ni ukingoni mwa kreta. Dawa anazopulizia miti dhidi ya kuoza kwa matunda hushuka na mvua. Mji nao hunywa maji ya ziwa hilohilo, na mahitaji yake yanakua pamoja na watu wake.

Tangu mwisho wa mwaka 2016, mikoa miwili ya Kameruni inayotumia Kiingereza imeingia katika mgogoro uliogeuka vita kati ya serikali na wanaotaka kujitenga. Kumba iko ndani ya eneo hilo, na imeona mauaji ya raia, wakiwemo watoto wa shule. Katika hali hiyo safari za utafiti zimekuwa ngumu na za hatari. Kwa Barombi hakuna pengine pa kwenda: samaki ndio kitoweo na ndio fedha, na mtumbwi ndio barabara.

Ikiwa kuna mpango wowote wa kuwaokoa samaki hawa 11, hauwezi kuanzia London wala Munich. Wanaojua kama myaka wamepungua mwaka huu, au kama dikume anavuliwa kwa kina kilekile alichovuliwa zamani, ni watu wanaotega nyavu pale kila siku. Mwaka 1972 elimu hiyo iliingia katika majina ya kisayansi. Bado haijaingia katika maamuzi: nani akate msitu wapi, mji uchukue maji kiasi gani, na dawa ipi ipigwe marufuku juu ya ukingo wa kreta. Barombi wanadai kusikilizwa katika hayo, na madai yao yana msingi kuliko ya mtu mwingine yeyote aliyewahi kuandika habari za ziwa hilo.